Mrejesho: mtoto amebaki Sengerema, ila sasa namwona

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama naweza kumchukua mwanangu wa miaka mitano, maana tulipoachana mama yake alihamia kwao Sengerema. Mlinikatisha tamaa, na mlikuwa sahihi. Afisa ustawi wa jamii alinieleza yaleyale: Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, hadi ithibitishwe vinginevyo mahakamani. Kutuma hela hakunipi haki ya kumbeba. Na mimi nilikuwa nimejipanga kwa hoja hiyo tu, jamani.

Tukakaa wote wawili pale ofisini. Mzazi mwenzangu akalia, mimi nikanyamaza. Mwisho tukaandikishana: matunzo kila tarehe 5, kwa simu ili kumbukumbu ibaki, kwangu anakuja wikiendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo. Ijumaa navuka na kivuko cha Kamanga kumfuata.

Juzi tulikula sato Kirumba, akauliza mbona mama hajaja. Nikamwongezea ugali.

Ada ya shule bado hatujaafikiana.