Mgebuka wa mawese: wa Waha au wa Wamanyema?

Gungu Juu: Wakuu, kuna anayedai mgebuka wa mawese, yaani samaki wetu wa mafuta ya chikichi, si wa Waha wenyeji wa Kigoma, bali uliletwa Ujiji na Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mgebuka hapatikani nje ya Ziwa Tanganyika. Waliutoa wapi?

Mwana Kasulu: Kwani ng'ambo ya Kongo si ziwa hilohilo? Wanamvua huyohuyo. Ila mawese Burton, yule Mwingereza mvumbuzi, aliyakuta Ujiji 1858, yanauzwa.

Kijukuu cha Unyanyembe: Burton huyo kafika miguu imekufa ganzi, mwenzake Speke haoni vizuri. Shahidi gani huyo! Kaandika ya sokoni, jikoni hakuingia. Halafu nyie Kigoma punguzeni tambo, mawese yenu yanakwaruza koo.

Mama Mwandiga: Weee! Yanayokwaruza ni ya chikichi, tunda lenyewe la mawese, zilizolala wiki nzima. Zikivunwa zichemshwe siku hiyohiyo, ikizidi sana kesho yake. Zikishapondeka zikakaa, mafuta yanachacha hata upike vipi.

Kijukuu cha Unyanyembe: Na mchuzi uliopauka je?

Mama Mwandiga: Aliyeupika kayaacha mawese mpaka yakatoa moshi, wekundu ukaungua. Moto wa wastani, yakiacha povu tia kitunguu. Migebuka mikavu minne, maji ya uvuguvugu dakika kumi tu. Ikizidi nyama inavurugika. Toa kichwa na mwiba wa kati. Mawese vijiko vitatu vya mezani, nyanya mbili, maji kikombe, funika robo saa. Usikoroge, tikisa sufuria.

Mwana Kasulu: Nyanya! Hiyo imetoka Amerika, na muhogo wa ugali mnaoulia vilevile, Wareno ndio walioleta. Asili hapo iko wapi?

Mama Mwandiga: Nyanya toa, kamulia ndimu. Ugali wa muhogo hamninyang'anyi.

Gungu Juu: Jamani, niliuliza Waha au Wamanyema.

Kijukuu cha Unyanyembe: Subiri kwanza. Dada, muhogo mchungu unauloweka siku ngapi? Kuna wanaoutoa kesho yake.

Mama Mwandiga: Hao wanawalisha watu sumu. Siku tatu hadi nne, mpaka ukiubonyeza unalainika hadi moyoni. Chomoa nyuzi, vunjavunja, anika.

Kijukuu cha Unyanyembe: Siku nne! Ndiyo maana ugali wenu unanuka.

Mama Mwandiga: Unaonuka ni ulioanikwa siku za mvua ukaota ukungu. Muulize aliyekuuzia.