Mrejesho: nimefika kwa mjane wa rafiki yangu askari

Ndugu zangu, niliuliza nimsaidieje mke wa rafiki yangu aliyeuawa vitani, maana baada ya maziko watu walishatawanyika. Asanteni sana. Aliyesema nisimwambie "ukihitaji chochote nipigie", bali niende na kazi ya kufanya, alinifaa kuliko wote: tulikaa siku mbili tukipanga vyeti vya kifo, ndoa na vya watoto kwa ajili ya mafao. Malipo bado hayajatoka. Pia nilimtaja marehemu kwa jina, nikawasimulia wanawe alivyokuwa akituimbisha kambini. Mama yao alilia, kisha akaniomba niendelee. Ila shughuli ya kumbukumbu niliiharakisha; mtoto mkubwa alikataa kuja. Sikumlazimisha. Jumamosi narudi kwao.