Naomba ushauri: magugu yanameza alizeti yangu Njoro
Habari zenu wakulima wenzangu. Nina ekari moja ya alizeti hapa Njoro, mistari ya sentimita 75. Ni wiki ya tatu tangu iote, ina majani sita tu, lakini kishona nguo na kongwa vimeshaizidi urefu. Kongwa ndiyo inayonitesa: nikiilima kwa jembe, kila kipande kinachobaki kwenye udongo wenye unyevu kinachipua upya. Jirani amenipa 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, anayopigia mahindi yake. Nimekataa, kwani alizeti nayo ni ya majani mapana, itaungua. Vibarua ni ghali na mvua haikatiki. Je, kuna dawa salama kwa alizeti iliyokwisha kuota, au ning'oe kwa mkono na kutupa nje ya shamba? Nisaidieni tafadhali, karo ya watoto iko humu.