Eti "toboeni matundu udongo upumue"!!!

Wakuu, yule mtaalamu wa kilimo cha kwenye simu mnamjua, simtaji. Leo kaamka na jipya: tandika nailoni nyeusi uue magugu kabla ya kupanda, halafu TOBOA MATUNDU udongo upumue. Upumue! Udongo una pumu?

Nailoni nyeusi kazi yake ni kuziba mwanga. Mbegu inaota gizani, inakosa mwanga, inakufa. Ukitoboa umeifungulia dirisha. Kaulizwa kwa adabu, kajibu "kilimo si cha washamba". Mshamba ni nani, mwenye matundu au asiye nayo?

Tena anasema siku tatu, na mawe manne kwenye kona. Mawe manne! Kwa upepo wa Singida nailoni utaifuata Dodoma. Kingo zinafukiwa kwenye mtaro wa sentimita 15 hadi 20, wiki 4 hadi 6, na udongo unamwagiliwa kwanza, maana ukiwa mkavu mbegu hazioti, na isiyoota haifi. Ukifunua usilime tena, jembe litapandisha mbegu za chini. Yeye? Matundu.

Jembe Butu: Udongo una pumu 😂😂 Mkuu, umekunywa chai lakini?

Mzee wa Matuta: Punguza jazba. Hata bila tundu, ndago, lile gugu sugu lenye ncha kali, inaichoma hiyo nyeusi nyembamba ya maikroni 25 kama sindano. Nailoni ya kuonea, inayopitisha mwanga, ndiyo inaikomesha kidogo: ndago ikikuta mwanga inafungua majani chini yake, ncha inakosa ukali, jua linababua. Ila vile viazi vyake vya chini vinabaki. Na iwe miezi ya jua kali. Juni kule Lushoto utakuwa umeyajengea magugu nyumba ya joto.

Mleta uzi: Sawa mzee, ila MATUNDU??

Jembe Butu: Kaanza tena.

Mama Mchicha: Afadhali huyo wa matundu. Wauza nyasi za matandazo wanazikata zikiwa na mbegu tayari. Unalipia kufunika magugu, kumbe umenunua magugu.

Kijana wa Bustani: Na maboksi je? Watu wanatandika na gundi yake ya plastiki na pini. Boksi linaoza, pini zinabaki zikisubiri miguu.

Mama Mchicha: Pini tutaokota. Mbuzi wa jirani wanaokula matandazo usiku tutawafanyaje?

Mzee wa Matuta: Hao fungulieni uzi wao.

Kijana wa Bustani: Mbuzi beberu au jike? Bei?