Kugeuza mzunguko wa mota ya DC ya spindeli: relei, draivu la KBRG au nihamie invata?

Kereza_Mdogo
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya kereza ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), spindeli (shafti inayozungusha kazi) inaendeshwa na mota ya DC na inazunguka upande mmoja tu. Nataka M4 (amri ya kuzungusha spindeli kinyume; M3 ni upande wa kawaida, M5 ni kusimama) ifanye kazi. Naona njia tatu: relei (swichi za umeme) za kubadilishana nyaya za mota, draivu (kidhibiti mwendo wa mota) linalogeuza lenyewe kama KBRG-225D, au niitoe mota niweke ya fezi tatu na invata (kidhibiti mwendo chake). Nanunua wiki hii. Ipi salama?

Volti_180
Mkuu, umeficha mengi. Mota ya volti ngapi, ampea ngapi? Sumaku ya kudumu au koili za fildi (koili zinazoshika nafasi ya sumaku)? Draivu gani lipo sasa? Unageuza kwa kazi gani? Na chaki (kishikio cha kazi) imefungwaje? Kama imeskrubiwa kwenye spindeli, usiguse M4 kabisa: itajifungua na kuruka.

Kereza_Mdogo
Samahani mkuu. Mota ya tredimili (mashine ya kukimbilia ya mazoezi), 180V 5A, sumaku ya kudumu. Draivu KBIC-240D, kompyuta ina programu ya LinuxCNC. Chaki ina bolti tatu. Kazi ni kukata hesi za ndani kwa tapu za M6 na M8 (hapa ni ukubwa wa milimita 6 na 8, si amri).

FundiGia
Ya tredimili? Anza na flaiwili (gurudumu zito la mota). Nyingi zimeskrubiwa kwenye shafti kwa hesi inayojikaza upande wa kawaida tu, ukigeuza, inajifungua. Itobolee pini. Mapezi ya feni nayo mara nyingi yako humohumo, kwa hiyo upande wa pili huenda mota isipoe vizuri. Tazama kaboni pia (zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka): zikitoa cheche nyingi ukigeuza, zimepangwa kwa upande mmoja, usiitwishe mzigo. Mimi nasema relei. Draivu unalo, ongeza kidogo tu.

Umeme_Kwanza
Relei sawa, ila wengi huunguza draivu hapa, na sababu yake haielezwi. Tuseme armecha (koili inayozunguka ndani ya mota) ina omu 4. Ikizunguka kwa 180V na 5A, yenyewe inazalisha kama 160V. Geuza nyaya ikiwa bado inazunguka: zile 160V zinaingia kinyumenyume kwenye dayodi (kipitisha umeme upande mmoja) iliyo kwenye matokeo ya draivu. 160 kwa 4 ni ampea 40, na kikomo cha mkondo hakiwezi kuzizuia kwa sababu hazipiti kwenye thairista (swichi ambazo draivu hudhibitia umeme). Fyuzi ya upande wa umeme wa ukutani haizioni. Dayodi inapasuka, kaboni zinaungua, sumaku zinaweza kupungua nguvu. Halafu kuna relei yenyewe: iliyoandikwa 10A 250VAC haikati 5A kwenye 180V DC. Cheche ya DC haizimiki kirahisi, inaweza kuunganisha chanya na hasi.

Tumia relei mbili, F (ya mbele) na R (ya kinyume), koili ya moja ipitie mguso wa nyingine ulioungana relei ikilala, zisiwake pamoja. Zote zikilala, armecha iangukie kwenye resista ya omu 20, wati 100. Mkondo wa breki unaanza karibu 6.7A.

Volti_180
Naunga mkono relei mbili. Wanaotumia relei moja ya kugeuza husahau kitufe cha dharura: ukikibonyeza mota ikiwa kwenye M4, koili inakosa umeme, relei inarudi upande wa M3 mota ikiwa bado inazunguka. Ni ajali ileile.

FundiGia
G4 P3 (amri ya kusubiri sekunde 3) baada ya M5 inatosha, msimtishe.

Umeme_Kwanza
Haitoshi, fundi. Akiandika M4 kwa mkono wakati M3 inaendelea, G4 iko wapi? Na chaki kubwa inachelewa kusimama kuliko ndogo. Usihesabu sekunde, pima. Weka optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga, bila kugusanisha nyaya) kwenye armecha, upande huu na huu, ionyeshe volti zikishuka chini ya 5. Utaratibu: unganisha I1 na I2 (vituo vya kuzima) za KBIC ili draivu linyamaze, angusha relei, subiri sifuri, inua relei nyingine, ndipo uachie I1 na I2. `spindle.0.at-speed` (ishara ya LinuxCNC kuwa spindeli imefikia mwendo) ibaki uongo hadi hapo, G1 (amri ya kukata kwa mstari) haitaondoka. Zingatia: I1, I2, na P1 hadi P3 (vituo vya kuweka mwendo) ziko kwenye umeme wa ukutani. Ukiunga kompyuta moja kwa moja, unaiua.

Nyuzi_Tatu
Kwa nini msumbuke hivi? Mota ya fezi tatu ya 1.5kW na invata: inageuza yenyewe, breki imo.

Volti_180
Kwenye mwendo wa chini ile ya DC hushikilia vizuri nguvu ya kuzungusha, na tapu ya M8 inataka mwendo wa chini. Atabadilisha na puli pia. Kama pesa ipo, KBRG ndiyo safi: inapunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye laini, kisha inageuza bila relei hata moja.

Kereza_Mdogo
Asanteni wakuu. Na enkoda (kipima mzunguko wa spindeli)? G33.1 (amri ya kukata hesi kwa tapu ikifuatana na spindeli) inaihitaji, au kishikio cha tapu chenye springi kitatosha?

FundiGia
Kwa G33.1 enkoda unaihitaji. Pulsi ngapi kwa mzunguko, na umepanga kuifunga kwenye mota au kwenye spindeli?