Duka la mtandaoni la sabuni za nyumbani: WordPress, Shopify, au WhatsApp inatosha?

Mama_Sabuni (Jinja)
Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Ninatengeneza sabuni za kuogea na mafuta ya kujipaka nyumbani kwangu, na sasa nataka kufungua duka la mtandaoni ili wateja waone bidhaa na bei bila kunipigia simu mmoja mmoja. Kijana mmoja yuko tayari kunijengea tovuti ya WordPress, ile programu ya bure ya kujengea tovuti, shemeji yangu anasema Shopify, huduma ya kukodi duka la mtandaoni lililo tayari, inapunguza maumivu ya kichwa kwa sababu haihitaji fundi, na binti yangu anashikilia kwamba WhatsApp inatosha kabisa. Kijana anasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Waliopitia njia hizi wanishauri: ipi ni bora?

Mhasibu_Ntinda
Karibu, Mama. Hatuwezi kukujibu vizuri kabla hujatueleza mambo machache. Una bidhaa ngapi, ukihesabu kila harufu na kila ukubwa wa chupa kuwa bidhaa yake? Wateja wako Jinja, Kampala, au nje ya nchi? Wanakulipa kwa njia gani kwa sasa? Na muhimu kuliko yote, kijana ametaja bei gani, na je, bei hiyo inajumuisha jina la tovuti (anwani anayoiandika mteja) na nafasi ya seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti) kwa mwaka mzima, au ni malipo ya kazi ya mikono yake tu?

Fundi_Wavuti (Kampala)
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo. Chukua WordPress pamoja na WooCommerce, programu inayoigeuza tovuti ya WordPress kuwa duka. WooCommerce yenyewe ni ya bure. Ilianza mwaka 2011, na tangu 2015 iko mikononi mwa Automattic, wenye WordPress.com, kwa hiyo si programu ya kuamka asubuhi ukakuta imetoweka. Utalipia jina na nafasi ya seva. Cheti cha usalama, kile kinachoonyesha kufuli kando ya anwani, kinatolewa bure na Let's Encrypt, na fundi akikutoza fedha kwa ajili yake, muulize anakuuzia nini hasa. Pesapal na Flutterwave, kampuni za kupokea malipo mtandaoni, zote zina programu-jalizi (programu ndogo za kuongezea) za WooCommerce, hivyo mteja anaweza kulipa kwa MTN MoMo, Airtel Money au kadi papo hapo. Shopify ni nyumba ya kupanga: mwezi ukikosa kodi, unakuta mlango umefungwa na mali yako iko ndani.

Binti_wa_Arua
Ndugu Fundi, umeandika kana kwamba WooCommerce hujiendesha yenyewe. Ni nani atakayesasisha WordPress na kila programu-jalizi, atakayeweka nakala za akiba, na atakayeamka siku tovuti imevamiwa na kuanza kuwapeleka wateja kwenye kurasa za kamari? Mama atakuwa anakoroga sabuni, na wewe utakuwa na kazi ya mtu mwingine. Ninauza nguo za kitenge kupitia Shopify na sijawahi kumtafuta fundi usiku. Nakubali kwamba ada ya kila mwezi inalipwa kwa dola na kwa kadi, na shilingi ikiyumba ada nayo inayumba. Nakubali pia kwamba Shopify Payments, huduma yao wenyewe ya kupokea malipo, haipo Uganda, kwa hiyo ukitumia lango la malipo la kampuni nyingine, kama Pesapal, katika mpango wa Basic, unakatwa asilimia 2 ya mauzo juu ya makato ya lango lenyewe.

Fundi_Wavuti
Asilimia 2 kwa mtu anayeuza kipande cha sabuni! Umemjibu Mama wewe mwenyewe.

Binti_wa_Arua
Sikumaliza. Asilimia hiyo haikatwi kwa malipo unayoyathibitisha kwa mkono. Mteja akimlipa mtu wa boda taslimu mzigo ukifika, au akikutumia MoMo nawe ukaweka alama kwamba oda imelipiwa, Shopify haigusi shilingi yake. Wengi wetu huku tunauza kwa njia hiyo, kwa sababu mteja wa Uganda hapendi kulipa kabla hajaushika mzigo.

Afande_Mstaafu (Bombo)
Salaam kwa wote. Mnabishana kuhusu programu, na mimi naona hatari iko kwa huyo kijana. Mke wangu husuka mikeka na vifuniko vya chakula vya Kinubi, na wakati fulani tulimpa kazi mtengeneza tovuti mmoja ambaye sitamtaja. Kazi yake ilikuwa safi: picha nzuri, bei wazi, na kuelekea Idi oda zilikuja kutoka Kampala na Entebbe hadi mke wangu akawaita jirani zake wawili wamsaidie kusuka. Tukachapisha kadi na lebo pale Nasser Road zikiwa na jina la tovuti, tukawagawia watu wa msikitini, sokoni na kambini. Jambo ambalo yule bwana hakutuambia ni kwamba jina alilisajili kwa barua pepe yake, na nafasi ya seva ilikuwa katika akaunti yake pamoja na za wateja wake wengine. Mwaka ulipokwisha, simu yake haikupatikana tena. Tovuti ikazimika siku ya soko. Nilipowaandikia wasajili wa jina, walinijibu kwa adabu kabisa kwamba mwenye jina ni yule aliyejisajili, nao hawawezi kunikabidhi kwa sababu tu nimeleta kadi za biashara na risiti za fundi. Nikawaeleza kwamba nipo tayari kulipia mwaka mpya hata kwa jina la mtu huyo; wakasema maombi lazima yatoke kwenye barua pepe ileile. Muda wa neema wa kulipia jina ukapita, jina likanunuliwa na wageni, na hadi leo mtu akiandika anwani iliyo kwenye lebo za zamani za mke wangu anakutana na matangazo ya kubashiri mechi. Mama, nunua jina wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako, kabla kijana hajagusa kitu chochote. Mengine yanarekebishika.

Mhasibu_Ntinda
Afande amesema kweli, na ningeongeza kwamba jina la biashara lisajiliwe URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ili lifanane na la tovuti. Mama, bado tunasubiri majibu.

Afande_Mstaafu
Na jina liwe la .ug au .co.ug. Sisi ni Waganda, tununue cha kwetu.

Fundi_Wavuti
Kwa heshima zote, Afande, jina la .ug kwa kawaida ni ghali kuliko .com, na mteja hataacha sabuni kwa sababu ya herufi za mwisho. Uzalendo ataulipia kila mwaka.

Kaka_wa_Busia
Mbona hakuna aliyetaja Facebook? Dukani kwangu nikivuka tu upande wa Kenya na kuweka laini ya kule, Facebook inafunguka na wateja wapo tele.

Binti_wa_Arua
Umejijibu, Kaka. Upande wa kwetu imefungwa tangu Januari 2021, na anayeitaka lazima apitie VPN, programu ya kukwepa kizuizi, inayomlia bando na kupunguza kasi. Mama akiweka duka lake huko, wateja wa Jinja wataliona wachache mno. Instagram na TikTok ni jambo jingine, ila hizo ni mbao za matangazo. Si mahali pa kutunza orodha ya oda.

Fundi_Wavuti
Wiki ile ya uchaguzi wa 2021 intaneti yote ilizimwa, si Facebook peke yake. Duka la aina yoyote, liwe la Shopify au langu, lilikuwa limelala. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wawe na namba za simu za wanunuzi katika daftari la karatasi.

Mama_Sabuni
Asanteni sana, na poleni kwa kuwachelewesha. Afande, pole kwa yaliyompata mama wa nyumbani kwako. Nina aina 14 ukihesabu harufu zote. Wateja wengi wako hapa Jinja na Kampala, na wachache wako Nairobi. Wananilipa kwa MTN, na mizigo ya Kampala naipeleka kwa teksi kupitia paki. Kuhusu bei, kijana bado hajataja. Anasema tutaelewana akishamaliza.

Mhasibu_Ntinda
Mama, hapana. «Tutaelewana» ni bei ambayo hujaiona. Mwambie aandike kwenye karatasi: anajenga nini, kwa kiasi gani, nani anamiliki jina, nani analipia mwaka wa pili, na akiitwa kurekebisha jambo dogo anatoza nini. Akikataa kuandika, umeokoa fedha.

Kwa aina 14, binti yako hajakosea sana. WhatsApp Business ni ya bure, katalogi yake inapokea hadi bidhaa 500, na mteja anaweza kuchagua vitu kadhaa akavituma kama oda moja. Kwa malipo, chukua namba ya mfanyabiashara ya MoMoPay, jina la biashara lionekane kwa mteja badala ya jina lako binafsi, na kumbuka kwamba unapotoa fedha kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni; iingize katika bei.

Fundi_Wavuti
Katalogi ya WhatsApp haionekani na mtu anayetafuta «sabuni ya shea Jinja» kwenye Google. Unawauzia wanaokujua tayari. Tovuti ndiyo inayoleta mgeni.

Mhasibu_Ntinda
Mgeni huyo akija ataangalia kama sabuni ina alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Mama, unayo? Ukishaweka picha na bei hadharani, wakaguzi nao wana simu. Na duka likianza kukusanya majina, namba na mahali watu wanapoishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inakuhusu, ikiwa ni pamoja na kujisajili katika ofisi inayosimamia taarifa binafsi.

Fundi_Wavuti
Mama ameuliza kuhusu tovuti, Mhasibu, nawe unamfungulia mashtaka.

Mama_Sabuni
La, amefanya vizuri kuuliza. Maombi ya alama nimeshayaanza kwa UNBS kule Bweyogerere. Jina nimelinunua jana jioni kwa barua pepe yangu, nikachagua .com (Afande, unisamehe). Kijana nimemwomba karatasi, na hajajibu. Ila naona hakuna aliyegusa linaloninyima usingizi, nalo ni usafirishaji. Mteja wa Arua akiagiza mafuta ya shea kwenye duka hilo, nitaandika ada gani ya kupeleka?

Binti_wa_Arua
Hilo halina jibu jepesi. Kwa Jinja na Kampala, weka ada moja kwa kila mji na uwe na mtu wa boda unayemwamini, kwa kuwa wateja hawana namba za nyumba. Ongeza sehemu ya lazima ya kuandika alama ya karibu, kama shule, kanisa au kituo cha mafuta. Kwa huku kwetu, mzigo hupanda basi na mteja huufuata ofisini kwao. Tatizo ni kwamba shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na joto la buti la basi linaiyeyusha. Niliwahi kupokea kopo kutoka kwa muuzaji mwingine, nusu yake imeishia kwenye boksi.

Kaka_wa_Busia
Basi auze sabuni pekee kwa mikoa ya mbali, na mafuta kwa walio karibu. Shopify na WooCommerce zote zinaweza kuwekewa maeneo ya usafirishaji.

Fundi_Wavuti
Zinaweza, na katalogi ya WhatsApp haiwezi. Nakumbusha tu.

Mama_Sabuni
Na kopo likifika limevuja, anayebeba gharama ni nani: mimi, mteja, au wenye basi?

Binti_wa_Arua
Wenye basi hawalipi. Mimi hugawana na mteja nusu kwa nusu, lakini yupo aliyekataa.

Kaka_wa_Busia
Kwangu hulipa mteja, na nimeiandika wazi kabla hajabonyeza kununua. Afande, nyinyi na mikeka mlikuwa mnafanyaje?