Wakuu, msaada: hivi "loiter" ni kutembea polepole au ni kosa la jinai?

Mtembeza_Zenj: Habari zenu wadau. Natembeza wageni Mji Mkongwe, huu mwaka wa pili. Kuongea Kiingereza sina shida, kuandika ndiko kunakonitesa. Nimetengeneza kipeperushi, nikakuta "walk slowly" imejirudia mara sita ukurasa mmoja. Nikafungua kamusi, nikazoa maneno yanayofanana nayo. Juzi mzee mmoja Mwingereza kakisoma, kacheka mpaka kavua miwani. Nilikuwa nimeandika "In the evening we loiter at Forodhani". Akaniambia nimemwalika akakamatwe na polisi. Kosa liko wapi? Na hayo mengine, amble, saunter, dawdle, trudge, nayatofautishaje?

BabaJunior: Mkuu, "walk slowly" inatosha. Mgeni kaja kuona milango, hakuja kusahihisha insha.

Ticha_Mstaafu: Kijana, kamusi haikukudanganya, imekukatishia maelezo tu. "Loiter" ni kukaakaa mahali bila shughuli inayoeleweka, na anayekutazama keshaanza kukutilia shaka. Ndiyo maana huandikwa kwenye vibao vya kukataza: "No loitering". Kwetu ni kuzurura, na nani anamwalika mgeni akazurure?

Ulichokitaka ni "linger", yaani kubaki mahali kwa sababu moyo hautaki kuondoka. Ina undugu na "long": unaurefusha muda. Pale ufukweni Forodhani vijana wanapiga makachu, wanajirusha baharini, jua linazama, bakuli la urojo mkononi, hapo ndipo watu wana-linger. Ila kumbuka hiyo si kutembea. Huwezi ku-linger kutoka Darajani hadi Shangani.

Kwa hayo mengine, jiulize huyo mtu anakwenda polepole kwa nini. "Stroll" anapunga upepo, hana haraka na anafurahia. "Amble" ni jirani yake, mwendo umelegea zaidi. Zamani ulikuwa mwendo wa farasi, ule usiomrusharusha mpandaji, na asili yake ni Kilatini, ambulare, kutembea. "Saunter" ina maringo: mikono mfukoni, anajua anatazamwa. "Dawdle" ni lawama, mtoto katumwa chumvi kazubaa njiani huku mboga iko jikoni. "Trudge" na "plod" ni kujikokota, miguu mizito, kachoka au njia mbaya.

Mpagazi_wa_Kibo: Sisi huku mlimani Kilimanjaro tulishamaliza kazi, wageni wanafika geti la Marangu tayari wanaijua "pole pole". Lakini wakisimulia usiku wa kilele, "trudge" lazima iwemo. Na wana haki. Ule mchanga wa volkano kabla ya Gilman's Point unapanda hatua mbili, unateleza moja, na uko juu ya mita 5,000. Hakuna anaye-stroll pale.

Mtembeza_Zenj: Lahaula! Mimi nimeandika "we trudge through Jozani forest". Na kule mikokoni kuna njia ya mbao safi kabisa. Nafuta. Na gari je, ni "slow down" au "slow up"?

Ticha_Mstaafu: Maana ni ileile, lakini "slow down" ndiyo iliyozoeleka, shika hiyo. "Slow" peke yake pia ni kitenzi: "the car slowed". "Decelerate" waachie mainjinia.

Dada_Mfasiri: Naongeza kitu kaka. Mgeni mzee akihangaika kwenye ngazi, usimwambie "slow down", anaisikia kama amri ya kumzuia dereva. Mwambie "take your time". Na wakichelewa madukani usithubutu "don't dawdle", utasikika kama mwalimu wa chekechea. Wewe wape saa tu, gari linaondoka saa ngapi, watakuja wenyewe.

Mtembeza_Zenj: Hilo la ngazi nimelifanya mara nyingi jamani, ndiyo maana wengine walikuwa wananuna. Ahsanteni sana. Basi nimeandika upya, nitazamieni: "We stroll slowly through the alleys, then linger at Forodhani until sunset."

Ticha_Mstaafu: Nzuri. Toa "slowly", "stroll" imeshaibeba.

BabaJunior: Yaani tumezunguka kote huko, mwisho mmebaki kutoa "slowly" yangu.